Gunia la Tongaren

Sijawahi kuitamani Uganda. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikwenda kule na moyo mweupe. Nimezaliwa Bungoma, nimefanya kazi Bungoma, nikahamia Kitale, na katika miaka yangu sitini na mitatu sikuwahi kuona sababu ya mtu mwenye akili timamu kuvuka mpaka wa Suam, isipokuwa awe anawakimbia polisi au anamkimbia mke. Wao wakija huku, niliwaelewa. Nani asiyependa stima, shule za maana na hospitali yenye daktari? Lakini mtu wa kwetu kwenda kule kutafuta maisha, huyo nilimhesabu kuwa ameshindwa.

Dharau yangu haikuwa ya kuokota njiani. Niliifanyia kazi miaka ishirini na minane. Nilikuwa mkaguzi wa nafaka kwenye ghala moja la mahindi Bungoma. Nilisimama mlangoni na bambo mkononi, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, nikawa nalichoma gunia ubavuni na punje zinateremka kiganjani. Nilizitazama, nikazinusa, nikatia moja kati ya meno. Kisha nilisema ndiyo au la, na madalali wenye matumbo yao walinyamaza wakingoja. Wakubwa wangu walikuwa wakisema kwamba Wilkista hana haja ya kuuliza mahindi yametoka wapi. Ya kwetu, hasa ya Tongaren, yalinukia jua. Ya Uganda yalinuka udongo uliolowa, kwa sababu watu wale walianika chini, kando ya barabara, mbwa wakipita juu. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na hakuna aliyenibishia.

Nilipostaafu nilihamia Kitale, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu mtaa wa Milimani. Bambo langu nikaja nalo, nikalitundika sebuleni karibu na picha yake. Mgeni akija kwangu alilishwa ugali, na kabla hajanawa mikono alikuwa ameshaambiwa kwamba unga ule ni wa mahindi ya Tongaren. Aliyeniletea mahindi yenyewe ni Wabwile, mfanyabiashara wa huko Tongaren niliyemjua tangu enzi za ghala, mtu wa maneno mengi na shati safi. Kila msimu alishusha kwangu magunia sita ya kilo hamsini. Nami nilichoma bambo kwenye gunia la kwanza mbele yake, nikanusa, nikamwambia, "Haya ni ya kwetu." Alicheka kila mara, akasema mama kama mimi hawezi kudanganywa.

Hata ushonaji wa magunia yale niliusifia. Yalishonwa kwa uzi wa kijani, mishono midogo iliyobana, na masikio mawili ya gunia yakafungwa kwa fundo dogo ambalo jicho halikuliona haraka. Tatizo lilikuwa moja tu, kuyafungua. Msichana wangu wa kazi alihangaika na uzi ule mpaka akaona afadhali kisu, na kila gunia likaharibika mdomo. Nilimwambia asinung'unike, watu wanaojua kazi hushona hivyo. Nikamwambia pia aende siku moja ng'ambo aone wanavyofunga magunia kwa kamba za migomba.

Basi Ivy, mwanangu wa pekee, muuguzi mwenye miaka ishirini na tisa na kichwa kigumu cha baba yake, akaniambia amepata mume. Nilifurahi kwa muda wa sentensi moja. Sentensi ya pili ilisema mume huyo anaitwa Kimeli, mwalimu wa hesabu, na kwao ni Bukwo. Niliuliza Bukwo gani, kana kwamba zipo mbili. Akasema Bukwo ya Uganda, mama, ukishavuka Suam si mbali.

Sikulala njaa siku hiyo lakini nilikula nikiongea. Nilimuuliza kama amesoma miaka yote ile ili akachote maji mtoni. Nilimuuliza watoto wake watazungumza nini, watatibiwa wapi, watapanda gari gani. Nikamwambia kule mtu akipata baiskeli anafanyiwa ibada ya shukrani. Ivy alinisikiliza mpaka mwisho, ndiyo tabia yake inayoniudhi zaidi. Kisha akanikumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba mabomba yetu Milimani hayakuwa yametoa maji kwa siku nne na tulikuwa tukinywa maji ya mkokoteni. Akasema kazini kwake wiki hiyo wagonjwa walikuwa wakija na glavu walizonunua wenyewe. Nikamjibu kwamba hiyo ni bahati mbaya tu. Ndivyo nilivyokuwa nikipima: kitu kikikosekana kwetu ni bahati mbaya, kikikosekana kwao ni kwa sababu ni Uganda.

Ningemkatalia nikamaliza, naye angeolewa tu, maana watoto wa siku hizi wanatuomba ruhusa wakiwa wameshapanga. Lakini mama yake Kimeli, mjane kama mimi, jina lake Cheptoo, alikuwa ameleta neno lake mapema. Alisema mwanawe hatatoa ng'ombe wala kufunga harusi mpaka mama wa msichana aseme ndiyo kwa mdomo wake. Hakutaka kuleta nyumbani kwake mtoto aliyetengwa na kwao. Kimeli alikubaliana na mama yake, na Ivy naye akakubali. Kwa hiyo jambo lote likawa kwangu. Nikisema la, hakuna harusi, na mwanangu amelia mbele yangu mara mbili tangu azikwe baba yake, zote mbili kwa ajili ya jambo hili.

Kwetu kuna desturi ya kwenda kuona boma kabla ng'ombe hawajaletwa. Mama na senge, yaani shangazi wa msichana upande wa baba, huenda kutazama binti anapelekwa wapi. Wanatazama nyumba, choo, maji, ghala na sura za watu. Nilisema vizuri, twende tukaone. Moyoni nilikuwa nimeshasema la. Nilichotaka ni ushahidi, na nilitaka Ivy awepo nikiukusanya.

Zawadi niliichagua mwenyewe. Wengine wangepeleka sukari na sabuni. Mimi nilitoa gunia moja zima katika yale ya Wabwile, halijafunguliwa, uzi wake wa kijani umekaa sawasawa, nikaamuru litiwe nyuma ya gari. Wifi yangu Nekoye, ambaye ndiye senge wa Ivy, alikuwa amekuja kutoka Mabanga na kuku wawili kikapuni. Aliliangalia gunia akaniuliza kama watu wa Bukwo hawalimi mahindi. Nikamwambia wanalima, ila nataka waone mahindi yanavyotakiwa kuwa. Ivy alikuwa akifunga mlango wa nyumba. Alisimama na ufunguo mkononi, akaangalia gunia, akaniangalia, akasema amesahau simu. Alirudi ndani akakaa huko muda mrefu.

Tulipita Endebess tukafika Suam kabla ya saa nne. Afisa wa upande wa pili alitaka kujua tumebeba nini. Nikamwonyesha. Alinitazama, akatazama gunia, akamwita mwenzake aje naye atazame.

"Mama, unapeleka mahindi Bukwo?"

Nilimwambia ni zawadi. Akasema hajawahi kuona yakienda upande ule, akagonga mhuri huku akitabasamu. Niliona ni ujinga wa mtu asiyejua mambo ya nafaka, nikapanda gari. Nilikuwa nimejiandaa kwa matope, hata gumbuti nilibeba, lakini mbele yetu kulikuwa na lami nyeusi iliyopanda mlima bila shimo. Nilingoja iishe. Kila kona nilijiambia hapa ndipo inapoishia. Nekoye akasema barabara yao ni nzuri kuliko ya kwake Mabanga, nami nikamjibu kwamba ni ya mkopo.

Boma la kina Kimeli halikuwa na geti. Nililiweka hilo moyoni kama kosa la kwanza. Nyumba ilikuwa ya mabati, kuta zimepigwa plasta nusu, juu kuna kipande cha sola. Nikawaza kwamba mwanangu atakuwa mtu wa kuchaji simu kwa kulingoja jua. Uani kulikuwa na bomba la maji yanayoteremka kutoka mlimani. Nililifungua, nikaliacha likimwagika huku nikizungumza na Nekoye, nikingoja likatike. Halikukatika. Nikasema maji yenyewe ni baridi mno, yatawaletea watoto kifua. Choo kilikuwa kimefagiliwa na kumwagiwa majivu, hakina inzi hata mmoja, kwa hiyo nikasema kiko mbali.

Cheptoo alitupokea kwa salamu ndefu, akauliza hali ya kila mtu mpaka kuku wa Nekoye. Alikuwa mwembamba, mikono mikubwa, kitambaa cha kichwa kilichofuliwa mpaka kikapoteza rangi. Niliitazama ile mikono nikaona mwanangu miaka thelathini ijayo. Nekoye aliuliza wanawake wa pale wanajifungulia wapi. Cheptoo akasema kuna kituo hapo chini, na jambo likiwa gumu wanavuka kwenda Kitale. Nikasema ahaa kwa sauti ili Ivy asikie. Cheptoo hakuonekana kuudhika. Akaongeza kwamba watu wa upande wetu nao huvuka kuleta watoto shuleni kwa Kimeli, kwa sababu karo inabebeka. Ahaa ya pili sikuitoa.

Kabla ya chakula nikaomba zawadi yetu iletwe uani, mbele ya watu. Kulikuwa na ndugu zao kama kumi hivi, wamekaa kwenye benchi za shule zilizoazimwa. Kimeli alilibeba gunia begani, akalilaza taratibu mbele ya mama yake. Ni kijana mpole, mrefu, na hilo pia lilikuwa linanikera. Nilisimama nikazungumza. Nilisema sisi ni watu wa nafaka, na mimi binafsi nimeisimamia nafaka maisha yangu yote. Nikasema tumewaletea mahindi ya Tongaren, yaliyokaushwa na watu wanaojua kukausha, wayaone kwa macho yao, na wakiyasaga watajua kwa nini watoto wetu wana afya. Nikaomba lifunguliwe pale pale.

Hakuna aliyecheka. Sasa ninapokumbuka, hiyo ndiyo heshima niliyofanyiwa na watu kumi kwa wakati mmoja.

Cheptoo alipiga magoti kando ya gunia na ungo wake. Ndani ya ungo kulikuwa na kisu, kimewekwa tayari. Nilikiona nikawaza, angalau wanajua magunia ya kwetu hayafunguki kwa vidole. Ivy alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameikunja, hatazami kitu kingine isipokuwa kile kisu. Cheptoo alikishika. Wakati huo huo mzee mmoja, ami yake Kimeli, akamuuliza jambo kutoka kwenye benchi, kitu kuhusu sufuria ya nyama. Cheptoo akageuza kichwa kumjibu, na mikono yake ikaendelea bila yeye. Kisu kilirudi kwenye ungo. Kidole gumba kikaingia chini ya sikio la kushoto la gunia, kikapata fundo, kikalilegeza. Akavuta. Uzi ule wa kijani ulitoka wote kwa mara moja, kutoka pembe hadi pembe, naye akawa anauzungusha kwenye vidole vyake ili utumike tena kushonea, huku bado anamweleza mzee kwamba nyama ina maji ya kutosha.

Kisha akatazama mkono wake. Hakunitazama mimi, alimtazama Ivy, na Ivy akafumba macho.

Nekoye aliinamia sikio langu akasema polepole, "Mama Ivy, hiyo uzi imemjua."

Nilisema ningependa kuona ghala. Walikuwa wakitarajia kuulizwa, ni sehemu ya desturi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nilikwenda peke yangu na mkoba wangu. Ghala lilikuwa chumba cha mbao kilichoinuliwa juu ya vigingi. Magunia kama ishirini yalikuwa yamepangwa juu ya mbao, hakuna lililogusa ukuta. Turubai safi zilikuwa zimekunjwa kwenye kona, nne, kubwa. Kwenye msumari mlangoni ilining'inia sindano ya gunia, na chini yake donge la uzi wa kijani. Niliyatazama masikio ya magunia yale. Kila moja lilikuwa na fundo dogo ambalo jicho halioni haraka.

Nilitoa bambo mkobani. Nilikuwa nimelibeba ili nimwaibishe mtu nalo. Nililichoma gunia la karibu ubavuni, punje zikateremka kiganjani. Zilikuwa nyeupe, nzito, kavu. Nikazinusa. Nikazinusa tena, nikatoka mlangoni kwenye hewa safi nikazinusa mara ya tatu. Zilinukia jua.

Cheptoo alikuwa amesimama chini ya ngazi. Nilimuuliza anamuuzia nani. Alisema kuna mzee huja na pikapu kila msimu, anaitwa Wabwile, ni mtu wa miaka mingi. Nilimuuliza kwa nini hapeleki mwenyewe, faida asimwachie mtu wa shati safi.

"Nilipeleka mara moja. Mwaka ule Kimeli alikuwa anaingia sekondari. Nilienda na magunia sita mpaka ghala moja ya Bungoma. Mama mmoja pale kwa mlango akaniuliza natoka wapi. Nikasema Bukwo. Akasema rudisha. Hakuchoma hata moja." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. "Sasa ndio nikajua. Yakienda na mimi ni machafu. Yakienda na Wabwile ni masafi. Nikamwachia Wabwile."

Sikumuuliza huyo mama alikuwa na sura gani. Katika miaka ile tulikuwa wanawake wawili pale mlangoni, na mwenzangu alikuwa akichoma kila gunia bila kuuliza lilikotoka. Sijui kama Cheptoo alinitambua. Alinitazama kama mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyechoka, akaniuliza kama nitakunywa chai au maziwa.

Tulikula. Ugali ulikuwa ule ule ninaokula kwangu kila siku. Baada ya chakula Nekoye alisimama kama senge, akasema boma ameliona, watu amewaona, na yeye hana neno baya. Wote wakanigeukia mimi. Ivy alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni akiwa na sahani chafu mapajani. Nilikuwa na hotuba nzima niliyoiandaa tangu Kitale, ya geti na sola na choo, na sikupata neno moja ndani yake linalosemeka. Neno ndiyo nalo sikuweza kulitoa. Nilikuwa na hasira na kila mtu pale, na hasira zaidi na uzi. Nikasema tumeona, tutatuma neno.

Cheptoo aliinamisha kichwa, akatushukuru kwa kuja. Kimeli alitusindikiza mpaka kwenye gari. Hakumgusa Ivy hata mkono, alimfungulia mlango tu.

Tulikuwa tumeshavuka Suam ndipo Ivy aliposema. Alisema akitazama dirishani. "Nilimpigia mama Kimeli simu asubuhi. Nilimwambia atumie kisu."



Siku iliyofuata nilimpigia Wabwile. Nilimwita mwizi, tapeli, na majina mengine ambayo mtu wa kanisa hapaswi kuyajua. Aliningoja nimalize. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya asali, "Lakini mama, mimi sikusema ni ya Tongaren. Wewe ndio ulinusa, ukasema ni ya kwetu. Sasa mimi nani nikukatalie, na wewe ndio mkaguzi?" Nilikata simu. Nilikaa sebuleni chini ya lile bambo nikijaribu kukumbuka siku moja tu ambapo alitamka Tongaren kwa mdomo wake, nisiipate. Nilitaka kumchukia nikashindwa kumaliza, kwa maana alichouza yule mtu kilikuwa ni pua yangu, na mimi ndiye niliyemuuzia.

Nikaanza kuhesabu nisiyoyataka. Miaka ishirini na minane. Masafi yote niliyoyapitisha kwa jina la kwetu, na machafu yote niliyoyatupa kwa jina la ng'ambo. Mangapi niliyachoma kweli, na mangapi niliyanusa kwenye mdomo wa mtu, alipotaja alikotoka? Nilijiona mjinga, na ujinga wangu ulikuwa umelipwa mshahara na kupewa pensheni. Niliwahi kuwadharau watu wengi, lakini kujidharau mwenyewe kulikuwa kugeni kwangu.

Siku tisa Ivy hakusema nami zaidi ya shikamoo. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akaosha sahani yake. Alinipita kwenye korido kama mtu apitaye kando ya mtungi uliojaa. Hakulia, na ningependelea alie. Kutoka Bukwo hakukuja ujumbe wowote. Cheptoo alikuwa amesema atangoja neno langu, na nilianza kuelewa kwamba mwanamke yule anajua kungoja.

Siku ya kumi unga uliisha. Msichana wa kazi alitoa gunia lililofuata stoo, akaja na kisu. Nikamwambia akirudishe. Niliketi kwenye kigoda, nikaliweka gunia katikati ya magoti, nikaanza kutafuta mwanzo wa ule uzi. Nilijaribu sikio la kulia, nikajaribu la kushoto, nikavuta pale nilipodhani ni penyewe na mshono ukazidi kubana. Vidole viliniuma. Maisha yangu yote niliingia guniani kwa kuchoma ubavuni, na sikuwahi kujifunza mlango wake uko wapi. Msichana wa kazi aliniangalia kutoka jikoni na nina hakika alifurahi.

Ivy akatokea chumbani akiwa amevaa sare ya kazi. Alisimama. Nilidhani atapita. "Unajua kulifungua?" nikamuuliza.

Alichuchumaa mbele yangu. Hakutafuta. Kidole gumba chake kiliingia chini ya sikio la kushoto, kwa pembe ile ile, kwa haraka ile ile, akalegeza, akavuta, na uzi wote ukatoka. Wakati nikiwa nimekaa Kitale nikiidharau Bukwo kila jioni, mwanangu alikuwa ameshona magunia kule, mara nyingi kiasi cha mkono wake kuzoea.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka jana, nilipoenda mara ya kwanza. Tulishona pamoja."

"Na hukuniambia."

Alikuwa akiuzungusha uzi kwenye vidole vyake, kwa uangalifu ule ule, ili utumike tena kushonea. Hakuinua macho. "Mama, hiyo mahindi ndiyo kitu yao pekee ulikuwa unasifu," akasema. "Sikutaka uache."

Nililiangalia gunia lililokuwa wazi kati yetu, mdomo wake mzima, haujararuka popote. Nilitaka kusema kwamba choo chao bado kiko mbali. Badala yake nilimwambia ampigie simu mama Kimeli. Amwambie alete ng'ombe wake, siku yoyote anayotaka. Na msimu ujao Wabwile asije. Mahindi mama Kimeli aje nayo mwenyewe, nami nitakuwa mlangoni.

Ivy hakunikumbatia, tulikuwa bado hatujafika hapo. Aliuliza kama nitakapokuwa mlangoni nitakuwa nimeshika lile bambo.

Nikamwambia hapana. Akautia uzi mfukoni mwa sare, akaenda kazini.